Kauboi anayeimba kwa sauti ya mtu mwingine

Mtaa wa vumbi, watu wamejibanza madirishani. Katikati ya njia anakuja mwanamume mrefu mwenye kofia pana, hana haraka, anaimba. Wimbo wenyewe ni wa damu itakayomwagika mjini kabla usiku haujaingia. Mbele yake anamngoja muuaji wa kukodiwa, mkono u karibu na bastola. Hakuna ngoma wala zeze la kututia hofu sisi watazamaji. Ni sauti hiyo moja na hatua zake, kisha milio ya risasi. Muuaji hafi. Stelingi amemlenga vifundo vya mikono, asichomoe tena bastola maisha yake yote.

Filamu hiyo ni Riders of Destiny, iliyotoka Marekani Oktoba 1933. Stelingi ni John Wayne, kijana wa miaka 26, na humo anaitwa Singin' Sandy Saunders. Sauti inayoimba si yake. Alikopeshwa.

Mtu akiitazama leo kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale. Mbona kimya hivi? Mbona farasi wanakimbizwa muda mrefu bila mtu kusema neno? Mbona inakwisha baada ya dakika 53 hivi, kabla hata chai haijapoa? Na kwa nini umpe jina la mwimbaji mtu asiyeweza kuimba? Wengi hujijibu kwamba waliotengeneza hawakujua kazi. Mimi naona ni dhuluma kuwahukumu hivyo. Karibu kila kinachotushangaza katika filamu hizi kina sababu, na sababu hizo zinatoka mahali pawili: kwenye maikrofoni na kwenye mfuko.

Tuanze na maikrofoni. Oktoba 1927 kampuni ya Warner Bros. ilitoa The Jazz Singer, na miaka mitatu baadaye filamu bubu zilikuwa zimekwisha kabisa Hollywood, ukiwaacha wachache waliong'ang'ania kama Charlie Chaplin. Kwa sinema za kauboi habari hii ilikuja kama msiba. Maikrofoni za mwanzo zilinasa kila kitu, upepo na hata kamera yenyewe iliyokuwa ikinguruma. Ili kuinyamazisha, kamera ilifungiwa ndani ya kibanda kisichopitisha sauti, mpiga picha naye akafungiwa humohumo na joto lake. Waigizaji wakabaki kusimama karibu na mahali maikrofoni ilipofichwa. Sasa sinema ya kauboi ni mbio, ni mlima na jangwa; utamfungiaje mtu kibandani kisha umtake afukuzane na farasi? Studio kubwa zikaanza kuwaacha makauboi wao.

Walioonyesha kwamba inawezekana ni studio ya Fox. Walichukua magari yao ya kurekodia habari za sinema, yale yaliyokuwa na mitambo ya kuandika sauti moja kwa moja kwenye ukanda wa filamu, wakayapeleka nje ya studio. Matokeo yake ni In Old Arizona, iliyoingia kwenye majumba mwanzoni mwa 1929 na kumpatia Warner Baxter tuzo ya Oscar. Kilichowashangaza watu si risasi peke yake. Walistaajabia sauti ya nyama na mayai yakikaangwa kwenye moto wa nje. Fikiria umekaa gizani, miaka yote umezoea kinanda cha ukumbini, ghafla unasikia mafuta yanatokota kwenye kikaango. Jambo dogo hilo ndilo lililorudisha uhai wa kauboi.

Kisha Fox wakajikwaa, na hapo ndipo John Wayne anapoingia kwenye hadithi yetu.

Mwaka 1930 mwongozaji Raoul Walsh alimchukua kijana aliyekuwa akibeba vifaa studioni, Marion Morrison wa Winterset, Iowa, akapewa jina jipya la John Wayne na kuwekwa mbele ya The Big Trail. Iligharimu zaidi ya dola milioni 1, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ilipigwa kwa ukanda mpana wa milimita 70, na pia kwa ule wa kawaida wa 35. Ukiiona leo utashika mdomo: misururu ya magari ya ng'ombe hadi upeo wa macho, kila kitu kimejaa watu halisi wanaofanya kazi halisi. Lakini wenye majumba ya sinema walikuwa wametoka tu kukopa fedha za kufunga vipaza sauti, na soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka Oktoba 1929. Ukimwendea mtu mwenye deni la mtambo wa mwaka jana na kumwambia anunue skrini mpya, atakufungia mlango. Filamu ikala hasara, na lawama ikamwangukia kijana.

Akashuka ngazi moja baada ya nyingine. Alifanya sinema za mfululizo kwa kampuni ya Mascot, zile za kuja kila wiki kuona kama stelingi ametoka kwenye pango linaloungua. Akafanya filamu sita za kauboi zilizosambazwa na Warner Bros. mwaka 1932 na 1933, na hizo zina siri ninayoipenda sana. Studio ilikuwa na mikanda ya zamani ya filamu bubu za kauboi Ken Maynard, mashuhuri kwa kuendesha farasi. Kwa nini ulipe upya mafahali mia na wapanda farasi wao? Wakamvalisha Wayne nguo zinazofanana na za Maynard, wakamtafutia farasi mweupe kama wa Maynard, kisha wakaunganisha picha mpya za karibu na zile za kale za mbali. Ukiona Wayne anaruka kilima kwa umbali, mara nyingi ni Maynard wa miaka kadhaa nyuma.

Ngazi ya mwisho ilikuwa Mtaa wa Ufukara.

Usiutafute kwenye ramani kwa jina hilo. Ndivyo watu wa Hollywood walivyoyaita makampuni madogo yaliyojikusanya kuzunguka barabara ya Gower, karibu na inapokutana na Sunset. Wapanda farasi waliotoka mashambani walisimama pale asubuhi wamevaa kabisa nguo zao za kauboi, kofia na buti, wakingoja kuitwa kibarua cha siku. Kwa sisi tunaojua vijiwe vya mafundi wanaongoja kazi na beleshi mkononi, picha hii haihitaji maelezo.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Filamu ya daraja la B haikumaanisha filamu mbaya, bali ile iliyoonyeshwa ya pili katika tiketi moja ya filamu mbili, desturi iliyoenea miaka ya mwanzo ya 1930 kwa sababu wenye majumba walitaka kuwavuta wateja wasio na hela. Studio kubwa nazo zilitengeneza za B, zikitumia seti na mavazi yaliyobaki kutoka filamu zao za gharama. Filamu ya Mtaa wa Ufukara ilikuwa kitu kingine: kampuni haikuwa na majumba yake ya sinema, wala ghala la mavazi ya kuazima, na mara nyingi filamu yake haikuwa ya pili kwa chochote. Katika miji midogo ndiyo iliyokuwa mlo wote wa Jumamosi mchana, watoto wakiwa viti vya mbele.

Monogram ilikuwa mojawapo ya kampuni hizo. W. Ray Johnston aliiongoza, Trem Carr akasimamia utengenezaji, na filamu za Wayne zilitoka chini ya chapa ya Lone Star, mtayarishaji akiwa Paul Malvern, aliyewahi kufanya kazi ya kuruka na kuanguka mbele ya kamera. Riders of Destiny ndiyo ya kwanza. Hadi 1935 walikuwa wamefikisha 16.

Hesabu yenyewe ndiyo ufunguo wa kila kitu. Filamu kubwa ilikodishwa kwa asilimia: watu wakijaa, studio inapata zaidi. Filamu ndogo ilikodishwa kwa bei moja iliyokatwa kabla. Jumba lijae au lipungue, dola ni zilezile chache. Maana yake ni kwamba mtayarishaji alijua karibu kabisa atapata nini kabla hajapiga picha ya kwanza, na hakuna uzuri wowote ambao ungemwongezea senti. Hapo ubunifu wote unaelekea upande mmoja tu: kutumia kidogo kuliko kile kinachojulikana kwamba kitakuja. Dola elfu kumi na kitu kwa filamu nzima. Siku tano au sita za kupiga picha, jua likichomoza hadi likizama, na chama cha waigizaji kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 1933 kilikuwa bado hakijatambuliwa na waajiri. Hilo lilikuja 1937.

Ukishaielewa hesabu hiyo, rudi uitazame filamu. Maneno ni ghali. Kila mazungumzo yanataka mtambo wa sauti, fundi wake, ukimya, na kurudia mtu anapokosea. Mbio za farasi ni rahisi: kamera inawekwa juu ya gari au kilimani, inapigwa bila sauti kama enzi za filamu bubu, kwato zinabandikwa baadaye. Kwa hiyo ile dakika ndefu ya farasi wakizunguka mwamba mmoja kutoka pande tatu tofauti si uzembe wa mwongozaji. Ni dakika ya bei nafuu iliyonunua nafasi ya dakika ya mazungumzo. Muziki wa chinichini nao haukuwekwa, kwa kuwa wapigaji wanataka kulipwa na kuchanganya sauti kadhaa kwenye ukanda mmoja bado kulikuwa kazi ngumu. Ndiyo maana mtaa ule wa pambano uko kimya. Na ukweli ni kwamba ukimya ule umeufanya utishe zaidi.

Ukosefu wa fedha haukumaanisha ukosefu wa mafundi. Kamera ilikuwa mikononi mwa Archie Stout, ambaye miaka karibu 20 baadaye alishiriki Oscar ya upigaji picha kwa The Quiet Man. Tazama jinsi anavyompanga mpanda farasi kati ya mawe na anga: jua ndilo taa yake, na jua halitumi ankara. Mchekeshaji Al St. John, uso uliozoeleka tangu enzi za Keystone, studio ya vichekesho vya filamu bubu, yumo kwenye kazi ndogo. George Hayes anacheza mzee Denton. Huyu alikuwa amestaafu uigizaji wa jukwaani, anguko la 1929 likamla akiba, ikabidi aanze upya. Unyonge wa uchumi ulikuwa umejaza Hollywood watu wenye uwezo mkubwa na kodi ya nyumba ya kulipa.

Sasa wimbo. Mwongozaji Robert N. Bradbury, aliyeandika pia hadithi, alitaka kutumia ile sauti ambayo watu walikuwa wanailipia, na hakuna sauti rahisi kuliko mtu mmoja na gitaa lake. Ken Maynard alikuwa ameshaimba kwenye sinema za kauboi kabla yake. Tatizo ni kwamba Wayne hakuwa mwimbaji, hivyo akafungua mdomo na mtu mwingine akatoa wimbo. Anayetajwa zaidi ni Bill Bradbury, mtoto wa mwongozaji. Sikiliza kwa makini pale mwanzo anapokuja juu ya farasi na gitaa kifuani. Anapoongea, sauti ni ya kijana, nyepesi kidogo, bado inatafuta mahali pa kutua. Anapoimba, anageuka mtu mzima mwenye kifua kipana. Siyo ndugu, hizo sauti mbili.

Wayne mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyokuwa akiona aibu alipokwenda kukutana na watazamaji nao wakamtaka aimbe. Ungefanya nini mbele ya ukumbi wa watoto wanaokuamini? Uimbaji ukaachwa. Mwaka 1935, Monogram ilipounganishwa na Mascot na wengine chini ya Herbert Yates, mwenye maabara ya kusafishia filamu ambayo makampuni haya madogo yalimtegemea, ikazaliwa Republic. Hapo alikuwepo Gene Autry, aliyejua kuimba kwelikweli, na kauboi mwimbaji akageuka biashara kubwa. Ila mlango ulikuwa umeguswa 1933, na mtu aliyekuwa anajifanya.

Kuna jambo ambalo siwezi kulipita haraka. Katika filamu hizi utamwona sana Yakima Canutt, bingwa wa mashindano ya kupanda farasi aliyegeuka fundi wa hatari. Yeye, Wayne na Bradbury wanatajwa kuwa ndio waliosanifu ngumi za sinema tunazozijua: kamera inakaa nyuma ya bega, ngumi inapita karibu na shavu bila kugusa, anayepigwa anaitikia kwa kichwa. Kabla ya hapo watu ama walisukumana ovyo au waliumizana kweli. Ujuzi huo ni zawadi kwa kila aliyewahi kupigana mbele ya kamera baada yao, kuanzia Hollywood hadi Hong Kong na kwenye filamu zetu.

Lakini farasi hawakupata huruma hiyo. Kulikuwa na mtego wa waya: waya mwembamba umefungwa kwenye miguu ya mbele ya farasi, unapita kwenye mkanda wa tandiko, mwisho wake umefungwa kwenye kigingi kilichochimbiwa ardhini. Farasi anakimbizwa kwa kasi yote. Waya unapokwisha, miguu inavutwa chini ya mwili, mnyama anapinduka kichwa mbele. Mpandaji anajua hatua ya ngapi ataruka. Farasi hajui kitu. Wengine walivunjika, wengine walipigwa risasi palepale. Nikiona farasi anaanguka ghafla hivyo, bila sababu, katika filamu ya miaka ile, sifurahii tena. Kelele zilipanda baada ya Jesse James ya 1939, ambapo farasi alitupwa kutoka kwenye mwamba mrefu na kufa, na mwaka 1940 shirika la kutetea wanyama, American Humane Association, lilianza kusimamia upigaji picha.

Hadithi yenyewe, ambayo wengi huiona ya kitoto, kwangu ndiyo sehemu yenye uzito. Bwana Kincaid ameshika maji ya bonde zima. Wafugaji wakitaka maji lazima wasaini mkataba wa bei anayotaka yeye, na wasiolipa watapoteza ardhi. Mzee Denton peke yake ana kisima. Binti yake Fay, anayechezwa na Cecilia Parker, anavaa nguo za kiume na kuliteka gari la farasi ili arudishe fedha zao walizoibiwa. Sandy ni mtumishi wa serikali aliyetumwa kwa siri kutoka Washington.

Filamu hizi zilipigwa kaskazini mwa Los Angeles, na huko maji hayakuwa hadithi. Mwaka 1913 mji ule ulifungua mfereji mrefu, zaidi ya kilomita 370, ukaleta maji kutoka bonde la Owens, na wakulima wa bonde lile wakaona mto wao unakauka. Katikati ya miaka ya 1920 waliulipua mfereji kwa baruti zaidi ya mara moja. Usiku wa Machi 12, 1928 bwawa la St. Francis, lililojengwa na mji uleule si mbali na Newhall, lilipasuka na kuua zaidi ya watu 400. Miaka mitano tu baadaye, jirani na korongo la bwawa hilo, wanaume wachache wenye kamera wanapiga filamu ya tajiri anayewanyima wadogo maji, ya baruti, na ya mtu wa serikali anayekuja kuwatetea. Rais Roosevelt alikuwa ameapishwa Machi mwaka huohuo wa 1933. Hakuna hotuba ndani ya filamu, hakuna anayetaja mfereji. Haikuwa lazima.

Na angalia inavyomalizika. Sandy anamchezea Kincaid akili hadi Kincaid mwenyewe anaamuru kisima cha Denton kilipuliwe. Baruti inafungua maji yaliyofungiwa chini, kijito kinaibuka na kuteremka bondeni, kila shamba linapata. Je, ni risasi iliyoyaleta maji hayo? Hapana. Tajiri ameumaliza ukiritimba wake kwa mkono wake.

Mwisho, suala la kuipata. Kwa sheria ya Marekani ya 1909 hakimiliki ilidumu miaka 28, na mwenye kazi alipaswa kuomba iongezwe. Filamu hii haikuongezewa muda, ikawa mali ya umma nchini humo. Sheria za nchi nyingine zina hesabu zake. Ndiyo maana iko kila mahali, na ndiyo maana nakala nyingi ni chafu, zimekatwa, au zimepakwa rangi. Usichanganye: picha za 1933 ni za umma, ila rangi au muziki ulioongezwa baadaye vinaweza kuwa na mwenyewe. Miaka ya 1980 wauzaji wa kanda za video walibandika vinanda vya umeme kwenye filamu kadhaa za Lone Star, wakidhani wanazisaidia. Kwa hiyo kabla hujakaa kuitazama, isogeze hadi kwenye mtaa wa vumbi. Ukisikia kinanda chini ya nyayo zake, hiyo imechezewa, tafuta nyingine. Inayofaa ni ile ambayo mwanamume anatembea peke yake na wimbo wa kuazima, na mtaa mzima umenyamaza kumsikiliza.